Rejeta Tuliyoibeba Kitandani

Walioniona nikipita mjini Chake na kitanda kilichofunikwa shuka nyeupe, kisha wakasikia kwamba hakukuwa na msiba nyumbani kwangu, wameniuliza habari yake barazani, dukani na hata mlangoni mwa msikiti. Kulieleza jambo lile lile kila siku kunachosha. Kwa hiyo nimemketisha mjukuu wangu Salma. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba. Sikupata kukaa darasani, lakini ninajua kuwa neno lililopambwa sana huficha habari. Habari yenyewe ni ya rejeta ya buldoza, na ya safari ya kwenda kuitengeneza Konde na kurudi Wambaa kabla bahari haijaingia katika mpunga wa watu.

Bondeni

Bonde letu la mpunga limepakana na mikoko, na kati yake na bahari lipo tuta la udongo. Mvua za masika zililivunja tuta hilo, likabaki pengo ambalo gari kubwa lingeweza kupita. Mwaka wa nyuma maji ya chumvi yaliingia kwa mlango kama huo, na mpunga ukakauka ungali umesimama. Binti yangu Mwanaisha, ambaye ni mjane na ana watoto wa kulisha, alivuna makapi. Mwaka huu amelima tena, na jaruba lake ndilo la kwanza ukitoka penye pengo. Mpunga wake ulikuwa umeshika mimba, karibu kutoa masuke. Chumvi ikiupata mpunga katika hali hiyo, hakuna dawa.

Chama cha wakulima kina buldoza moja kuukuu, nami ndiye ninayeiendesha, kwa kuwa kazi hiyo niliifanya tangu ujana wangu katika kutengeneza barabara. Nilikuwa nimekwisha kulijaza pengo karibu nusu wakati sindano ya geji ya moto ilipopanda ghafla na mvuke ukafuka mbele yangu. Nikazima mashine. Tulipofungua bamba la mbele tuliiona rejeta imeoza kwa chini, na maji yanatoka kama jasho.

Shemeji yangu Kombo, ndugu wa marehemu mke wangu, alikuwa amesimama karibu. Kombo ni mvuvi, na kujaa na kutoka kwa maji ndiyo saa yake.

"Shemeji," akasema, "leo Jumanne. Bamvua la mwezi mpevu litasimama hapa Ijumaa, alasiri. Maji hayo makubwa hayamngoji ntu."

"Nasikia."

"Basi tuite fundi wa mjini."

"Fundi wa mjini ataniambia ninunue rejeta nyingine, na ya mashine hii haiuzwi tena. Hii ni ya kulehemu kwa risasi. Anayeijua kazi hiyo kisiwani namjua mmoja, Fundi Mbarouk, yuko Konde."

"Konde! Shemeji, Konde ndiko kisiwa kinakoishia."

"Vizuri. Hatuwezi kumpita."

Tukasimamisha magogo matatu, tukafunga mnyororo wa kuinulia, tukaitoa rejeta. Ni mzigo wa wanaume wanne, na mapezi yake ni membamba. Ukiyashika vibaya yanalala na hewa haipiti tena. Mwanaisha akaleta kitanda chake cha kamba, tukailaza juu yake. Kisha, kwa kuwa njia ina vumbi, akaifunika shuka nyeupe na kuifunga kanga kichwani na miguuni. Hakuna aliyeangalia tumetengeneza umbo gani.

Kutoka bondeni hadi barabarani

Njia ya kutoka bondeni ni nyembamba, inapanda kilima kwenye mikarafuu. Mimi nilishika mguu mmoja wa mbele, Kombo mmoja wa nyuma, na vijana wawili wa bondeni wakashika iliyobaki. Tulipoipita nyumba ya kwanza, mtu aliyekuwa akifua nazi aliacha kazi yake, akanawa mikono, akaja akatia bega bila kusema neno. Mbele kidogo wakatoka wawili wengine. Kwetu si adabu kuwauliza wachukuzi ni nani aliyekufa. Unatia bega kwanza, thawabu iandikwe, habari utaipata makaburini. Mimi niliona mzigo umepungua uzito, nikadhani ni kilima kimeisha.

Nikasikia nyuma yangu watu wanavuta kalima kwa sauti ya pamoja.

Nikasimama. Nilipogeuka nikakuta msafara: wazee wenye kofia, vijana waliotoka shambani, na wanawake wawili wamesimama mbali wamejitanda, mmoja analia.

"Tueni kitanda," nikasema.

Wakatua. Yule aliyekuwa analia akauliza, "Mzee Hamad, pole. Nani?"

"Hakuna maiti hapa. Ni rejeta."

"Mtoto wa nani?"

Nikaifunua shuka. Watu wakainama wakatazama. Nilitahayari kwa namna ambayo sijatahayari tangu nilipokuwa bwana harusi. Mtu akikisomea chuma kalima, ana haki ya kukasirika. Aliyeninusuru ni mzee mmoja wa makamo yangu, mwenye fimbo, aliyeuliza polepole:

"Hii ndiyo ya ile mashine ya pengo?"

"Ndiyo yenyewe."

"Ikipona, bonde linapona?"

"Inshallah."

Akawageukia wenzake. "Basi kwa nini mmesimama? Tieni bega. Aliye hai naye huchukuliwa."

Ikabebwa hadi barabarani kwa zamu kama ilivyoanza, ila bila kalima. Nilipopata nafasi nikamuuliza Kombo, aliyekuwa nyuma na kuyaona yote, kwa nini hakuniambia.

"Shemeji, bega langu lilishaanza kuvimba. Ntu anakuja mwenyewe kutafuta thawabu, mimi ni nani wa kumzuia?"

Nikarudi kushika mguu wa kitanda. Nilikuwa na safari ndefu naye, na hasira nayo ni mzigo.

Barabarani hadi Konde

Dereva wa gari la mizigo alikataa kutupakia mpaka alipoinua shuka kwa mkono wake mwenyewe, na abiria wawili walishuka kabla hajainua. Chake tulikaa sana. Dereva wa gari la kwenda kaskazini alikwenda kusali, aliporudi alikwenda kula, na alipokwisha kula alikumbuka kuwa gurudumu lake la akiba liko kwa jamaa yake. Nasi tukala. Mama mmoja alituuzia muhogo wa nazi na papa, chakula kizuri, ila alituhudumia kwa sauti ya chini na kutukataza tusiharakishe kwa ajili ya majonzi. Nilimweleza. Akasema wengi huanza kwa kukana.

Njiani nilimsimulia Kombo kazi itakavyokuwa: fundi atalibandua tangi la chini kwa moto, achungulie mirija yote ndani, asafishe, kisha alehemu. Kombo, ambaye hunyamaza akiwa amelala tu, alinyamaza tangu hapo. Nilidhani ni shibe.

Karakana ya Fundi Mbarouk, banda la mabati nyuma ya soko la Konde, tuliikuta ina kufuli. Jirani yake, Bi Time, mwanamke mfugaji wa ng'ombe, alitoka na ndoo mkononi.

"Mbarouk hayupo. Mkwewe kafariki. Wako kilioni Gando."

Kombo akashika kichwa. "Gando tumeiacha nyuma! Tumempita njiani!"

"Hukuniuliza ulipokuwa unapita," akajibu Bi Time. Simu ya fundi ilikuwa imezimwa, kama inavyostahili kwa mtu aliye msibani. Bi Time alikubali rejeta ilale katika ua wake, nasi tukalala kwa ndugu yake, na asubuhi tukarudi njia tuliyoijia.

Gando

Watakaosema kuwa nilipoteza siku Gando wakumbuke kwamba kuna mambo hayaingiliwi. Tulipofika, wanaume walikuwa wamekaa majamvini wanasoma. Tukapiga salamu, tukakaa, tukapewa juzuu. Mimi herufi za Kizungu sizijui, lakini Kurani nilifundishwa chuoni kwa bakora, kwa hiyo nilisoma. Fundi Mbarouk, akiwa mkwe wa nyumba, ndiye aliyekuwa akizunguka na birika kuwanawisha wageni mikono. Aliponifikia akanitazama, macho yakamjaa.

"Mzee Hamad. Umetoka Wambaa mpaka hapa kwa ajili ya kunihani? Mungu akulipe."

Nawauliza ninyi mnaosoma: ningesema nini? Ningemwambia sikuja kwa ajili ya mkwewe, nimekuja kwa ajili ya rejeta? Nikasema, "Mungu amrehemu marehemu," na nilikuwa nasema kweli. Kombo akanikanyaga mguu chini ya jamvi. Nikauondoa mguu wangu.

Wali ukaja, na mchuzi wa nyama. Tukala kama watu wa kilio, kwa staha na bila kuacha. Simu ya Kombo ikalia, alikuwa Mwanaisha. Alimwambia kuwa maji ya asubuhi yamefika mdomoni mwa pengo, na bado bamvua lenyewe. Kombo akanirudishia maneno hayo sikioni, na Fundi Mbarouk akaona tunanong'ona. Dua ilipokwisha akatuita pembeni.

"Wazee wangu, mna jambo jingine?"

"Hatuna," nikasema.

"Rejeta," akasema Kombo.

Nikamtazama Kombo kwa jicho ambalo watoto wangu wote wanalijua. Fundi Mbarouk hakukasirika. Alisikiliza habari ya pengo na ya bamvua, akatikisa kichwa.

"Siwezi kutoka mpaka hitima ipite, na hitima ni kesho kutwa. Nikimwacha nke wangu leo, sitakuwa na uso." Akafungua ufunguo uliokuwa umefungwa katika pindo la kikoi chake. "Lehemu wewe mwenyewe."

"Mimi nimepata kulehemu sufuria na taa. Rejeta sijapata."

"Rejeta ni sufuria nyingi zimesimamishwa pamoja. Risasi iko katika kopo juu ya rafu. Tindikali iko chini, usiivute puani. Shaba ikikataa kushika risasi, haitaki moto zaidi. Imekataa kwa sababu ni chafu. Isugue, kisha rudi." Akanikabidhi ufunguo, akarudi kwa wageni na birika lake.

Konde, mara ya pili

Alhamisi alfajiri tuliwasha makaa. Nilipasha moto ukingo wa tangi la chini hadi risasi ya zamani ikalegea, tukalibandua. Nilitarajia kutu. Nilichokiona ni uji mzito wa manjano, umekaa katika vinywa vya mirija kama nta.

Bi Time, aliyekuwa amekuja kuangalia, alitumbukiza kidole, akanusa.

"Baba," akasema, "hii rejeta au nchuzi?"

Nikamgeukia Kombo. Alikuwa anatazama paa la mabati kana kwamba ana habari nalo.

"Kombo."

"Naam, shemeji."

"Hii ni nini?"

"Bizari."

"Nani kaitia?"

"Niliona inavuja wiki iliyopita, wewe umekwenda kusali. Madereva wote husema bizari huziba tundu la rejeta. Sikutaka kukusumbua."

"Umetia kiasi gani?"

"Iliyobaki katika harusi ya binti yangu."

Bi Time akacheka mpaka akaiweka ndoo chini. "Ilibaki kiasi gani, baba?"

"Harusi ilinyeshewa," akasema Kombo kwa unyonge. "Watu hawakuja."

Nilitaka kusema maneno makali, na nilikuwa nayo mengi. Lakini niliona kuwa mtu huyu ametembea na jambo hili tumboni tangu Chake, na kwamba kumwadhibu kwa maneno kungempumzisha. Nikampa ubamba wa msumeno wa chuma, ambao fundi ameusaga mpaka ukawa mwembamba kama jani la ukindu, nikamwonyesha mirija. Kila mmoja uzibuliwe juu hadi chini, kisha upitishiwe maji. Kombo akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akazibua, na maji ya manjano yakawa yanapita miguuni mwake mpaka adhuhuri. Hakuomba kupumzika. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya bibi harusi aliyesingwa kwa manjano vibaya.

Mimi nikasugua shaba, nikapaka tindikali, nikashika chuma cha kulehemu. Mara mbili risasi ilikataa, ikawa inaviringika kama shanga. Nikakumbuka maneno ya fundi, nikasugua tena, ikashika. Tangi likarudi mahali pake.

Sasa ilibidi tuijaribu. Rejeta hujaribiwa kwa kuzamishwa majini na kutiwa pumzi, na hapo palihitajika chombo kikubwa. Palikuwa na mtumbwi mkuukuu katika ua wa Bi Time, anaonyweshea ng'ombe.

"Na ng'ombe zangu wanywe wapi?" akauliza.

"Tutausugua kwa mchanga na kuujaza maji mapya."

"Wewe husugui, wewe nzee. Atasugua huyu wa bizari."

Tukaizamisha. Nikaziba midomo yake kwa vipande vya mpira na vitambaa, Kombo akapiga pampu ya baiskeli. Vipovu vikapanda pembeni, mfululizo, kama samaki anapumua. Kombo akasema, "Lahaula." Mwanaisha akapiga simu wakati huo huo, nilimsikia katika kipaza sauti akiuliza kama tunarudi na rejeta ama yeye aanze kuvuna mpunga mchanga awape mbuzi. Nikamwambia asikate hata shina moja. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nami sikuwa nao.

Tukaitoa, tukaikausha, nikalehemu upya ule ukingo. Nikaunguza kidole gumba, kovu ninalo. Tulipoizamisha tena, Kombo akapampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maji yakabaki yametulia. Ng'ombe mmoja akasogea, akaweka pua karibu na rejeta, akanywa.

"Huyo kakubali," akasema Bi Time. "Haya, toeni chuma chenu."

Konde hadi Wambaa

Ijumaa gari liliondoka mapema, jambo la kushukuru, kisha likasimama katika kijiji kimoja ambako karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini nusu ya barabara. Dereva hakupiga honi. Bibi mwenye karafuu akaja na ufagio, akazikusanya taratibu, punje kwa punje, akitupa habari za mkwe wake. Hakuna aliyemharakisha. Mimi nilikaa nimeshika mguu wa kitanda, nikajilazimisha kutazama mikono yake badala ya kutazama jua.

Bondeni tena

Tulifika jua likiwa juu. Watu wa bonde walikuwa wanangoja. Tukaishusha rejeta mahali pake, tukaanza kukaza bolti, na adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa ikiwa bado zimesalia nyingi.

Kombo akaniangalia. "Shemeji, maji yamekwisha geuka. Yanakuja."

"Na sala imefika."

Tukaacha spana juu ya bolti, tukaenda. Katika msikiti wetu khatibu ni mtu wa maneno marefu, lakini yeye naye ana jaruba bondeni. Siku ile alituhimiza kumcha Mungu, akatukumbusha kifo, akashuka. Sijapata kusikia hotuba iliyonyooka namna ile.

Tuliporudi wanawake walikuwa wamepanga mstari tangu kisima cha kilimani, ndoo zinapita mkono kwa mkono, maana niliamuru isitiwe hata kata moja ya maji ya bondeni. Rejeta ikajaa. Nikapanda, nikaomba kwa jina la Mungu, nikawasha. Ikakohoa, ikashika. Nikaitazama geji kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa. Sindano ikapanda, ikapanda, ikafika katikati, ikasimama. Kombo alikuwa amelala chini ya mashine akitafuta tone. Akatoa mkono nje akaupunga: hakuna.

Nikausukuma udongo. Bahari ilikwisha kuingia kwenye mikoko, na maji ya kwanza yalikuwa yanapapasa mdomo wa pengo, membamba kama ulimi. Nilimwaga udongo juu yake, nikarudi nyuma, nikaleta mwingine. Wanaume wakaushindilia kwa miguu na magogo. Sikutazama saa. Nilitazama sindano, na bamba la kusukumia udongo, na yale maji, mpaka hapakuwa na maji ya kutazama mbele yangu, ila udongo mtupu, na bahari iko upande wa pili. Nikapita juu yake kwenda na kurudi ili ushikane. Kisha nikazima.

Bamvua likapanda. Lilifika kiunoni mwa tuta, likasimama hapo muda mrefu linasukuma, nasi sote tukasimama juu yake. Mwanaisha akashuka upande wa ndani, penye mpunga wake, akachota maji ya jaruba kwa kiganja, akaniletea. Hakutaka kuonja yeye.

Nikaonja. Nikayaweka ulimini, kwa kuwa ulimi wa mzee huchelewa kuamua.

"Ni maji baridi," nikamwambia. "Hayana chumvi."

Mwanaisha aliketi palepale juu ya udongo mbichi, akanyoosha miguu. Tangu alipofiwa na mumewe, sikupata kumwona akiketi mchana.